Juni Ile Benedicta Aliporudi La Paz

Duka langu na la Eusebia Tarqui yanatenganishwa na ukuta mmoja wa matofali ya udongo, mwembamba kiasi kwamba yeye akipiga chafya upande wake, mimi namwombea afya upande wangu bila kupaza sauti. Mimi nauza utepe, vifungo na nyuzi. Yeye hutengeneza kofia za duara, zile ambazo wanawake wetu wa sketi za marinda huzivaa juu ya nywele zilizosukwa. Kofia iliyobondeka huifufua kwa mvuke kwenye kalibu ya mbao, akaipiga brashi mpaka ing'ae, akabadilisha utepe wa ndani uliooza kwa jasho. Kazi hiyo ameifanya tangu ujana wake katika mtaa huu ulioinama kama paa, na kabla ya Juni ile sikuwahi kuona amefunga duka siku ya kazi, isipokuwa alipomzika mumewe.

Ni mwanamke mfupi, mashavu yameiva kwa baridi, na ulimi wake hauna breki. Mteja akileta kofia iliyopasuka humwuliza, "Hii uliikalia, au ulimpigia mume?" Wateja wanampenda kwa hilo. Lakini kulikuwa na jina moja ambalo akilitaja sauti inashuka. Harusi ikipita mtaani na tarumbeta zake, wapigaji wamelewa kila mmoja na wimbo wake, sisi sote tunacheka, yeye anasema, "Bene angekuwapo angecheka mpaka alie." Mvua ya mawe ikianza kugonga mabati, anasema, "Bene alikuwa anaiogopa sana hii." Miaka nenda, miaka rudi. Nilimjua Benedicta Limachi kabla sijamtia machoni.

Walizaliwa kijiji kimoja kando ya ziwa, upande wa Achacachi, nyumba zikitazamana. Walipokuwa wasichana wa matiti yanayochipuka tu walishushwa La Paz pamoja kwenye lori la viazi, wakaingizwa kazini katika nyumba moja ya matajiri, mtaa wa Sopocachi. Benedicta alipika, Eusebia alifua na kulea. Mapumziko yao yalikuwa Jumapili mchana, na kabla ya giza lazima wawe wamerudi. Kwa muda huo wangeweza kufika wapi? Walikwenda mpaka uwanja wa kati, wakanunua barafu tamu moja wakaila kwa zamu, wakageuza. Siku nyingine zote mji waliuona kupitia dirisha la chumba cha kufulia juu ya paa. Huko juu, wakikunja mashuka ya watu, walitazama nyumba zilizopanda milima pande zote na vichochoro visivyohesabika, wakaahidiana kwamba siku moja watauzunguka mji huu wote, wao wawili, bila kapu la mtu mkononi na bila mtu wa kuwauliza wametoka wapi.

Haikuwa. Eusebia aliolewa na fundi kofia. Benedicta alimsimamia binti wa Eusebia ubatizoni, wakawa ndugu kwa jambo hilo pia. Kisha Benedicta akapata habari kwamba huko São Paulo, Brazili, kuna karakana zinazotafuta washonaji, akaenda kwa mwaka mmoja. Mwaka ule ulizaa mwingine. Akapata mume, akapata watoto, mume akafa, watoto wakazaa. Ikapita miaka thelathini na ushei, na wote wawili wakawa wanawake wa kuitwa bibi.

Halafu mwaka ule, baada ya sikukuu yetu kubwa ya ngoma kupita na kazi ya kofia kupungua kama inavyopungua kila mwaka, Eusebia aliingia dukani kwangu akaweka funguo zake juu ya meza yangu.

"Jirani, mteja akija mwambie Doña Eusebia yuko mjini."

"Kwani hapa ni wapi?"

"Basi mwambie nimepotea," alisema, na uso wake ulikuwa kama wa msichana. "Bene anakuja. Anakaa karibu mwezi mzima."

Alikwenda kumpokea uwanja wa ndege, kule El Alto, juu kabisa ambako upepo hauna huruma. Alinisimulia mara nyingi. Alimtafuta mwanamke wa marinda na nywele mbili zilizosukwa, akampita Benedicta mara mbili bila kumtambua. Aliyemshika bega alikuwa mama mnene wa suruali, nywele fupi zilizopakwa rangi ya kahawia, koti jepesi la nchi ya joto.

"Seba," yule mama alisema. Hakuna mtu mwingine duniani aliyemwita hivyo.

Walikumbatiana hapo mlangoni watu wakawazunguka na masanduku yao. Kisha wakaanza kutembea, na hawakufika mbali. Benedicta alikaa juu ya sanduku lake ghafla.

"Seba, ngoja. Mji unazunguka."

"Mji umetulia. Wewe ndiye unayezunguka."

"Kichwa kinapasuka. Pumzi haiingii."

Eusebia alimwangalia, akaelewa, akashika kiuno. "Toba! Soroche! Mtoto wa Achacachi ameshikwa na ugonjwa wa mwinuko, ugonjwa wa wageni! Hebu funika uso, watu wasikuone. Nikikupeleka kijijini watakufuta kwenye ukoo."

"Usinichekeshe, nitatapika."

"Tapika, mwenzangu, hapa hata wazungu wanatapika."

Walicheka wote wawili, mmoja amekaa, mwingine ameinama. Lakini nyumbani, Eusebia alipomlaza chini ya mablanketi na kumnywesha chai ya majani ya koka kijiko kwa kijiko, alimtazama midomo ilivyogeuka buluu, na kicheko kikamkauka. Hewa ile ndiyo waliyozaliwa nayo. Sasa ilikuwa imemsahau mmoja wao.

Siku mbili Benedicta alilala. Ya tatu aliamka, akala bakuli zima la supu ya viazi vilivyokaushwa na baridi, akalamba kijiko na kusema, "Haya. Twende tukauone."

Basi ndivyo walivyoanza. Kila asubuhi walipita mbele ya duka langu, Eusebia katika marinda yake na kofia iliyokaa sawasawa, Benedicta amejifunga shali tatu za mwenzake, wameshikana mikono kama watoto wa shule. Nilizoea kuwauliza, "Leo mnaelekea wapi?" na Eusebia alinijibu, "Juu," au "Chini," kwa sababu katika mji huu hakuna upande mwingine.

Walipanda vibehewa vya kebo vinavyoning'inia juu ya mabonde, kila njia na rangi yake. Mimi huvipanda kwenda kwa daktari, natazama viatu vyangu. Wao walivipanda wakibandika pua kwenye kioo. Eusebia, aliyeishi hapa tangu usichana wake, alikuwa hajawahi kufika hata nusu ya vituo vile. Nani atakwenda, na kwa shughuli gani? Alikuwa na njia yake moja ya kushuka kazini na kupanda nyumbani, basi. Sasa aliona paa za watu, kamba za nguo, mbwa wanaolala juu ya matangi ya maji, wavulana wanaocheza mpira kwenye kiwanja kilichobandikwa ukingoni mwa korongo, na kila kitu kilimshangaza.

"Bene, ona! Yule mama anaanika chupi kwenye mnara wa kanisa!"

"Si kanisa, ni ghorofa."

"Lina msalaba."

"Ni antena, Seba. Nunua miwani."

Lakini Benedicta hakutazama alichokiona Eusebia. Alitazama kile ambacho hakikuwapo. Alinyoosha kidole na kusema, pale palikuwa na ukuta wenye mti wa maua mekundu. Pale palikuwa na yule mama wa maandazi mwenye jicho moja. Walipofika kituo kikuu akasimama katikati ya watu, akauliza treni ziko wapi. Alipoambiwa kwamba treni ziliacha kutoka hapo zamani sana, hakunyoosha kidole tena mpaka mchana. Eusebia akamnunulia api, ule uji moto wa mahindi ya zambarau, na andazi lenye jibini, akamwambia ale, treni hazijambo. Benedicta akanywa, akafumba macho, akasema, "Hii ni ileile." Eusebia alifurahi kana kwamba yeye ndiye aliyeyalima mahindi hayo.

Baadaye aliniambia kwamba tangu saa ile alikuwa anawinda. Kila kitu alichokipata ambacho hakijabadilika alikipeleka mbele ya rafiki yake. Muuzaji wa majani ya dawa aliyekaa kona ileile. Mkate wa asubuhi wenye ganda linalovunjika. Mlima Illimani, ambao mwezi ule wa baridi haukuwa na wingu hata moja, mweupe na mkubwa mwishoni mwa kila barabara. Hakumwambia kwa nini anafanya hivyo.

Jumamosi moja walikwenda kwenye ukumbi wa maonyesho. Zamani, bibi yao mwenye nyumba alipokwenda huko, wao walisimama ngazini wakimshikia koti mpaka muziki uishe. Safari hii walikata tiketi, wakakaa viti vya mbele, vyekundu, laini. Taa zikazimwa. Sauti ya mwanamume ikatoka nyuma.

"Samahani, mama. Kofia."

Eusebia hakugeuka. "Kofia imefanya nini?"

"Sioni jukwaa."

"Ungekuja mapema ukakaa mbele."

"Mama, nakuomba kwa heshima."

"Na mimi nakujibu kwa heshima. Hii nikiivua, kuirudisha sawasawa kunataka kioo na mtu wa kushika pini. Utakuja kushika pini wewe?"

Watu wakaanza kucheka gizani. Benedicta alikuwa ameuma shali. Mwishowe yule bwana mwenyewe alicheka, akahamia kiti cha pembeni, na vinanda vikaanza. Eusebia anasema hakusikia sana muziki. Alikuwa anamtazama Benedicta kwa mwanga wa jukwaani, mikono juu ya magoti, machozi yanashuka bila kufutwa, na akawaza: nimempata. Huyu harudi tena Brazili.

Jumatatu wakaenda Sopocachi kuitafuta nyumba yao. Nyumba ilikuwapo, ila ilikuwa imegeuzwa mkahawa, meza zimepangwa uani palepale Eusebia alipokuwa akifulia, na jiwe la kufulia limejazwa udongo na kupandwa maua. Kijana wa kazi aliwakaribisha kama wateja wengine, akawaletea kahawa kwenye vikombe vidogo. Benedicta aliomba aonyeshwe chumba cha nyuma, kile cha chini ya ngazi. Kijana akasita, akasema huko ni chooni, lakini karibuni, hakuna malipo. Wakaenda. Palikuwa na vigae vyeupe na kioo na sabuni ya maua. Zamani vitanda vyao viwili vilikuwa vimesimama hapo, miguu ikigusana.

"Kumbe miaka yote ile tulikuwa tunalala chooni," Eusebia alisema.

Benedicta alitikisa kichwa. "Hapana. Wao ndio wanaokojoa chumbani kwetu."

Walicheka mpaka mama mmoja aliyekuwa ananawa mikono akatoka haraka. Walipokwisha kucheka waliendelea kusimama humo. Benedicta aliweka kiganja ukutani, juu ya vigae, mahali kichwa chake kilipokuwa kikilala, akakiacha hapo kwa muda mrefu.

Wakiwa njiani kurudi walipita dukani. Mimi nilikuwapo. Eusebia alichagua kofia nzuri kuliko zote alizokuwa nazo, rangi ya asali, akamkalisha mwenzake mbele ya kioo na kumvika. Kichwa kilikuwa kilekile, kofia iliingia barabara. Lakini nywele fupi zilichomoza chini yake kama majani makavu, na juu ya suruali na koti lile kofia ilionekana kama imeangukia hapo kutoka dirishani kwa mtu. Benedicta alijigeuza kulia, akajigeuza kushoto.

"Nafanana na nani?" aliuliza.

"Mjomba wako Teodosio, Mungu amrehemu," Eusebia alisema.

"Alikuwa na masharubu."

"Na wewe unayo kidogo."

Tukacheka wote watatu. Kisha Benedicta akaivua kofia kwa mikono miwili, polepole, akairudisha kwenye kalibu, na hakuitazama tena.

Siku chache baadaye ndipo Eusebia alipomwonyesha chumba. Nyumba yake iko El Alto, ya matofali mekundu yasiyopigwa lipu kama nyumba zetu nyingi, na juu yake, mwaka uliotangulia, alikuwa ameongeza chumba. Mimi nilidhani ni cha kupangisha. Hicho tu ndicho alichokipiga lipu, akakipaka rangi ya kijani kibichi, akaweka dirisha kubwa linalotazama Illimani, na kitanda, na cherehani. Alimpandisha Benedicta ngazi akiwa nyuma yake, akamwambia afungue mlango mwenyewe.

Benedicta alisimama kizingitini. "Cha nani hiki?"

"Hujui?"

"Seba..."

"Cherehani si mpya lakini inakwenda vizuri, nimeipeleka kwa fundi. Jua linaingia asubuhi yote. Wateja wa kushonewa marinda nitakupa mimi, kila anayeleta kofia ana sketi."

"Seba, mimi nina wajukuu."

"Wajukuu wana mama zao."

"Mdogo halali mpaka nimshike sikio. Kila usiku. Sasa hivi mama yake anahangaika naye."

"Ana miaka mingapi? Atakua, atakwambia toa mkono wako. Na utabaki unashika sikio la nani?"

Hapo Benedicta alikasirika. Alisema hakuomba kujengewa chumba. Eusebia akasema ndiyo, hukuomba, wewe hujawahi kuomba kitu, wewe huwa unaondoka tu. Akasema mwaka mmoja, Bene, uliniambia mwaka mmoja. Yakatoka na mengine ambayo hakunisimulia yote. Alilonisimulia ni kwamba Benedicta alishuka ngazi akiwa amejishika ukutani, anatafuta pumzi, na yeye hakumshika mkono.

Asubuhi iliyofuata Eusebia alikuja peke yake, akafungua duka. Nilisikia brashi yake kutoka upande wangu, shwa, shwa, shwa, kofia moja tangu asubuhi.

"Utaitoboa," nilimwambia kupitia ukutani.

"Ni yangu."

"Yuko wapi mwenzio?"

"Mjini. Ana miguu."

Siku mbili ilikuwa hivyo. Walilala chini ya paa moja, wakasalimiana kama wapangaji, na kila mmoja akatoka kwa njia yake. Benedicta alizunguka peke yake. Nilimwona mara moja kwenye soko la Rodríguez, amesimama mbele ya mafungu ya viazi vya kila rangi, muuzaji anamwita, "Kasera, njoo kwangu, kasera," kama wanavyoitana hapa muuzaji na mteja wake, na yeye anageuka kuangalia nyuma kana kwamba anaitwa mtu mwingine.

Siku ya tatu, saa za mchana, nilisikia mlango wa Eusebia ukisukumwa. Brashi ikanyamaza. Sikukusudia kusikiliza, lakini nimekwisha kueleza habari za ukuta wetu.

"Nimeleta saltenya," sauti ya Benedicta ilisema, zile sambusa zetu za kuokwa zenye mchuzi ndani. "Za kuku. Mchuzi umenimwagikia mpaka kwenye kiwiko."

"Mtu wa hapa hamwagikiwi na mchuzi wa saltenya."

"Najua."

Zikapita dakika za kutafuna. Kisha Benedicta akaanza kusema, taratibu, na nilijikuta nimeweka mkasi chini.

"Kule São Paulo naishi ghorofa ya saba, Seba. Nikilala, naota hapa. Karibu kila siku. Napanda mtaa huu, nina kapu, natoka Sopocachi, mvua imenyesha mawe yanateleza. Treni inapiga honi. Mama wa maandazi ananiita. Naamka nina furaha mpaka nisikie magari ya kule. Ndivyo nilivyoweza kukaa miaka yote ile kwenye cherehani. Nilikuwa na mahali pa kwenda nikifumba macho."

Nilisikia kiti cha Eusebia kikisogea.

"Sasa nimekuja. Nimezunguka nawe, nimezunguka peke yangu. Mji ni mzuri. Mzuri kuliko nilivyouacha, watoto wa shule wana viatu, wanawake wa marinda wanaingia popote wanapotaka. Lakini si ule. Na tangu nije sijauota ule hata usiku mmoja. Nikilala naota wajukuu wananiita kwa Kireno. Naogopa nikibaki nitaupoteza mji ule kabisa. Sitakuwa nao hapa na sitakuwa nao kule."

Halafu sauti ya Eusebia, ndogo, ambayo sijawahi kuisikia kabla wala baada.

"Na mimi? Mimi nipo, Bene. Mimi si ndoto."

"Upo."

"Sijabomolewa. Sijageuzwa mkahawa."

"Upo, mwenzangu. Ndiyo sababu nilikuja." Benedicta alikuwa analia. "Na bado nitaondoka."

Nilipotoka kufunga duka langu niliwaona wamekaa kwenye kizingiti, bega kwa bega, wanatazama watu wanaopanda mtaa na mizigo mgongoni. Eusebia alikuwa amemfunika mwenzake shali yake mwenyewe juu ya zile tatu.

Zilizobaki zilikuwa siku chache, na Eusebia anasema ndizo zilizokuwa nzuri kuliko zote, kwa sababu hakuwa anawinda tena. Walipanda kibehewa chochote kilichofika kwanza. Walishuka wasipopajua. Kule bonde la kusini, chini, ambako hewa ni nzito na maua yanaota hata wakati wa baridi, Benedicta alipumua vizuri akakimbia hatua kadhaa kumwonyesha. Walikula samaki wa ziwani kwenye kibanda, wakagombana kuhusu jina la mwalimu wao wa darasa la kwanza, na hakuna aliyeshinda. Barabarani kijana aliyevaa kama pundamilia, wale wanaowavusha watu kwa michezo, alimshika Benedicta mkono akamchezesha katikati ya barabara magari yakingoja. Eusebia alisimama ng'ambo akipiga makofi. Aliniambia, "Nilimtazama nikamwambia Mungu, mwache acheze, hata kama ni wa kwenda."

Akaenda. Eusebia alimsindikiza mpaka uwanja wa ndege. Benedicta alimshika Eusebia mashavu yote mawili, akamwambia avae soksi nzito. Eusebia akamwambia asinenepe zaidi, mlango wa ndege ni mwembamba. Mmoja akaingia ndani, mwingine akashuka mjini kwa kebo akiwa amekaa upande ambao hauoni uwanja.

Niliogopa atanyong'onyea. Wiki ya kwanza alinyong'onyea kweli, mteja alileta kofia iliyopasuka na hakutaniwa. Chumba cha juu hakukipangisha. Wapangaji walikuja, mmoja mwalimu, mwenye adabu, akawaambia kina unyevu, na wote waliona hakina. Siku hizi anakitumia kukaushia kofia, kwa kuwa jua linaingia asubuhi yote, lakini kitanda hakijaondolewa na shuka anazibadilisha.

Kisha Jumapili moja Benedicta alipiga simu, na baada ya habari za wajukuu na za magoti akauliza, "Leo umekwenda wapi?"

"Niende wapi? Nipo nyumbani."

"Jumapili unakaa nyumbani? Bado yule bibi wa Sopocachi anakungoja?"

Eusebia alikaa kitako akafikiri. Jumapili iliyofuata alivaa, akapanda kibehewa, akashuka mahali asipopajua, akampigia simu kutoka hapo. Na iliyofuata. Sasa imekuwa desturi. Anatembea peke yake, anauliza watu, anakula wanachouza, kisha anamsimulia Bene. Wakati mwingine Bene anapokea, wakati mwingine ana wageni na mazungumzo ni mafupi, na wakati mwingine simu inaita tu mpaka inakatika. Jumatatu, kwa mlio wa brashi yake, najua ilikuwa simu ya namna gani.

Niliandamana naye mara moja, Agosti iliyopita. Tulifika juu ya mtaa wa mwisho kabisa upande wa mashariki, ambako nyumba zinakwisha na kuna mlima mtupu na llama wawili wamefungwa. Sikupajua, naye hakupajua. Palikuwa na mama anauza karanga, Eusebia akamwuliza panaitwaje, akaambiwa, akalirudia jina hilo kwenye simu.

"Sipajui," Benedicta alisema. Simu ilikuwa na sauti kubwa, nilimsikia. "Hatukuwahi kufika huko."

"Hatukuwahi."

"Pakoje?"

Eusebia aligeuka pande zote, akatafuta la kusema. Vumbi lilikuwa linapanda kutoka bondeni, marinda yetu yanapepea, nami nimeshika kofia yangu kwa mikono miwili.

"Kuna upepo," alisema.

"Usiseme kitu, basi. Niusikie."

Eusebia akainua simu juu ya kichwa chake, akasimama hivyo. Mkono ulipochoka akabadilisha mwingine.